Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeitia sauti ya Kiswahili kwenye santuri

UKITAJA historia ya taarab katika visiwa vya Unguja na Pemba, na hata katika mwambao mzima wa Afrika Mashariki, jina la kwanza kuwajia watu mdomoni ni la marehemu Siti binti Saad. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu mwanamama huyo alipoiaga dunia, Julai 8, 1950, na kizazi kilichomsikia kwa masikio yake kimekwisha kupukutika. Hata hivyo, jina lake lingali likitajwa arusini, madarasani na katika mikutano ya wanawake wanaodai haki zao.

Wengi humkumbuka kwa kuwa mwanamke wa mwanzo katika ukanda huu kuimba kwa Kiswahili kwenye sahani za santuri. Sifa hiyo ni yake kwa haki. Lakini alifanya kubwa zaidi ya hilo: aliichukua taarab iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, akaitia katika lugha ya watu waliokuwa wakiisikiliza kwa nje, wamesimama chini ya madirisha. Na yeye mwenyewe alitoka miongoni mwa watu hao.

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake alikuwa na asili ya Kizigua. Wote wawili walitokana na watu walioletwa visiwani katika zama za utumwa. Mtoto wao wakamwita Mtumwa. Jina hilo halikuwa la utani wala la mzaha. Lilieleza hali ya mtu tangu siku ya kwanza, na kila aliyemwita alimkumbusha daraja lake. Jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu lina maana ya bibi mwenye heshima zake, lilimjia baadaye, akiwa mtu mzima na sauti yake imekwisha kusikika.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, kwa amri ya Sultani Hamud bin Muhammed chini ya shinikizo la Waingereza, miaka 7 baada ya visiwa hivi kuwekwa chini ya ulinzi wao. Siti alikuwa msichana wa umri wa miaka 17 hivi. Amri ile iliwapa watu uhuru, lakini haikuwapa ardhi, elimu wala jamaa wenye majina. Kila mmoja ilimbidi ajitafutie heshima yake kwa njia aliyoiona.

Wanawake wengi waliianza safari hiyo kwa mavazi. Kaniki, nguo nyeusi iliyokuwa ikivaliwa na watumwa, iliwekwa kando. Kanga za rangi zikashika nafasi yake, na baadaye likaja buibui, ambalo hapo zamani mtumwa asingethubutu kulivaa. Mtu aliyempita mwanamke njiani akiwa ndani ya buibui hakuweza kujua kama bibi yake alikuwa mjakazi au mwenye shamba la karafuu. Siti naye alikuwa mmoja wa wanawake wa zama hizo, ila yeye alipata silaha nyingine isiyouzwa dukani.

Nyumbani kwao Fumba kazi ilikuwa kilimo na ufinyanzi. Siti hakusomeshwa, si chuoni wala skuli. Alijifunza kukanda udongo, kufinyanga vyungu na kuvichoma. Kazi ya kuviuza pia ilimwangukia yeye. Alivibeba kichwani kutoka Fumba hadi mjini, mwendo wa kilometa zipatazo 20, akipita mtaa kwa mtaa na kuvinadi kwa kuimba. Wanasimulia kwamba sauti yake ilikuwa ikitangulia mbali kabla hajafika mwenyewe, na wanunuzi wakatoka milangoni wakijua nani anakuja. Hapo ndipo alipoipata skuli yake ya kwanza ya uimbaji. Mchuuzi anayeimba juani siku nzima, na mzigo kichwani, hujifunza kuigawa pumzi yake kwa namna ambayo mwalimu wa muziki asingeweza kumwonyesha.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Mwaka huo huo Sultani Ali bin Hamud alijiuzulu na Sultani Khalifa bin Harub akashika kiti, ambacho alikikalia hadi mwaka 1960. Maisha yote ya Siti katika usanii yalikuwa ndani ya utawala wa mtu huyo mmoja.

Ili kuifahamu hatua aliyoipiga, ni lazima kurejea nyuma kidogo. Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa ikulu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze kupiga kanuni. Aliporudi aliwafundisha wengine, na jumba la Sultani likapata wanamuziki wake. Mwaka 1905 mjini kukaundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya wanaume waliotaka kuujua muziki huo kwa undani, na ambayo jina lake linajulikana hadi leo. Udi, fidla, kanuni na dumbak vilikuwapo. Maneno yalikuwa ya Kiarabu. Waimbaji walikuwa wanaume. Mwanamke wa Kiafrika mwenye asili ya utumwa na asiyejua kusoma hakuwa na kiti katika baraza hiyo.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamuziki wa Ikhwan Safaa aitwaye Ali Muhsin, ambaye aliisikia sauti yake na kuamua kumfundisha. Siti alijifunza kufuata ala, kushika mizani ya wimbo, na kutamka maneno ya Kiarabu kwa usahihi ingawa hakuwa akiyasoma popote. Haikupita muda akajikuta pamoja na wanamuziki ambao majina yao hayatengani na lake: Subeit Ambar, Buda Swedi, Mbaruku aliyetokea Mombasa, na Maalim Shaaban. Kundi hilo lilialikwa katika majumba ya matajiri, likaimba arusini, na likafika hadi mbele ya Sultani.

Si wote waliofurahi. Mjini Unguja mashindano ya nyimbo yalikuwa makali, na wapinzani wake hawakuona haya kumtungia wimbo wa kumkebehi. Walimcheka kwa asili yake ya shamba, wakamcheka kwa sura yake, wakauliza angekuwa nani lau asingekuwa na sauti. Siti hakwenda kushitaki kwa mtu. Alijibu kwa wimbo, kama ulivyo utaratibu wa fani yenyewe, akiwaeleza kwamba uzuri wa uso si cheo na kwamba aibu ya mtu imo katika tabia yake. Jibu lile lilidumu kuliko matusi yaliyolizaa, kiasi kwamba leo watu huyajua matusi kwa sababu ya jibu.

Lakini kazi iliyomtofautisha hasa na waimbaji wa majumbani ni ile iliyokuwa ikifanyika Ng'ambo, upande wa pili wa hori ya maji uliotenganisha mji wa mawe na makazi ya watu wa kawaida. Huko ndiko alikokuwa akiishi. Jioni wenzake walikusanyika nyumbani kwake, habari za siku zikazungumzwa, na kutokana na mazungumzo hayo beti zikatungwa. Nani kafungwa, nani kaachwa, nani kadhulumu mirathi, hakimu kasema nini: yote yaliingia katika wimbo. Kwa watu ambao wengi wao hawakuweza kusoma gazeti, nyumba ile ilikuwa gazeti.

Wimbo wake unaotajwa zaidi katika mkondo huo ni Kijiti. Unasimulia kisa cha mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja akiwa mgeni, akachukuliwa kwenye matembezi na mwanamume aitwaye Kijiti, kisha akauawa. Muuaji alitorokea bara. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni wanawake waliofika kutoa ushahidi. Siti hakuwa na wakili wala hakuwa na uwezo wa kukata rufaa kwa niaba ya mtu yeyote. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba jina la muuaji, ambalo mahakama ilishindwa kulifikia, linaimbwa katika kila nyumba. Karibu karne moja baadaye bado linaimbwa.

Ziko nyimbo nyingine za namna hiyo, zinazowahusu watu wenye vyeo walionaswa kwa kula mali za wanyonge. Ajabu ni kwamba mwimbaji huyu huyu alikuwa akialikwa kwa wakubwa na kulipwa nao. Wapo watakaoona humo ugeugeu. Ukweli ni kwamba Siti aliishi kwa sauti yake, na mwenye kuishi kwa sauti huimba anapoitwa. La kuangalia ni alichokiimba alipokuwa kwake. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja walivyojengea nyumba zao, na utawala ukapata msukosuko mkubwa. Watu wa namna hiyo, wenye kujua kwamba wamedhulumiwa na wenye ujasiri wa kulisema, ndio waliokuwa wakikaa kibarazani kwa Siti.

Mwaka huo huo wa 1928, mwezi wa Machi, Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay.

Safari hiyo ilitokana na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile ambayo sahani zake zilikuwa na picha ya mbwa aliyetega sikio kwenye pembe ya santuri. Kampuni hiyo ilikuwa na biashara kubwa India, pamoja na kiwanda huko Dum Dum, karibu na Calcutta, tangu mwaka 1908. Madukani Unguja sahani za Kiarabu na za Kihindi zilikuwa zikiuzwa kwa miaka mingi. Isipokuwa za Kiswahili hazikuwapo, na wafanyabiashara waliona kwamba wanunuzi wapo.

Bombay wakati huo ulikuwa mji wa waimbaji. Miaka 3 baadaye ndipo ilipotoka humo Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, na kuanzia hapo mwimbaji na mwigizaji wakawa mtu mmoja machoni pa watazamaji. Siti alifika kabla ya hapo, wakati nyota aliweza kujulikana bara zima bila uso wake kuonekana popote. Kwa mwanamke aliyekuwa amechekwa kwa sura yake, teknolojia hiyo ilikuwa kama imeagizwa kwa ajili yake.

Kuimba mbele ya mtambo kulikuwa na taabu zake. Taarab ya barazani haina haraka: ala hutangulia, mwimbaji hurudia ubeti kwa kadiri wasikilizaji wanavyotaka, tuzo hutolewa, wimbo ukaendelea. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika 3 na kidogo tu. Kila kitu kilipaswa kuanza na kumalizika ndani ya muda huo, na kosa moja lilimaanisha kurudia tangu mwanzo. Siti na wenzake walizimudu dakika hizo, kwani kwa safari hiyo na zilizofuata walirekodi nyimbo kwa mamia, nyingi zikiwa za Kiswahili na nyingine za Kiarabu na Kihindi.

Hesabu inayonukuliwa mara nyingi husema kwamba hadi kufikia mwaka 1931 sahani zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa Afrika Mashariki. Kwa nchi ambazo watu wenye santuri walikuwa wachache, idadi hiyo ni kubwa mno. Lakini santuri moja ilitosha mtaa mzima. Mwenye mkahawa aliiweka mezani, akaitia ufunguo, na wateja wakakaa na vikombe vyao vya kahawa wakisikiliza hadi usiku. Kwa njia hiyo sauti ya mwanamke wa Fumba ilivuka bahari na kufika bara, na watu wasiowahi kukanyaga Unguja wakakijua Kiswahili cha huko kwa kukisikia kwake. Mwaka 1930 kampuni shindani ya Columbia haikungoja wasanii waende India. Ilileta mitambo yake Unguja.

Katika habari hizi Pemba ina sehemu yake, ingawa hutajwa mara chache. Fedha zilizonunua santuri na sahani katika visiwa hivi zilikuwa, kwa asilimia kubwa, fedha za karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Dhoruba kubwa ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiachia ya Pemba. Tangu hapo kisiwa hicho kikawa ndicho kinacholisha hazina. Msimu wa kuchuma ulipofika, watu walivuka kutoka Unguja kwenda Wete, Chake Chake na Mkoani kutafuta vibarua, na waliporudi walikuwa na senti za kutumia. Neema ya mashamba ya Pemba ilipopungua, duka la santuri mjini Unguja nalo lilipungukiwa na wateja.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea. Msukosuko wa uchumi ulioanzia Marekani mwaka 1929 ulishusha bei ya karafuu kama ulivyoshusha bei ya kila zao. Kampuni za sahani, zilizokuwa zikishindana kuwarekodi waimbaji wa Kiswahili, zilianza kuondoka mapema katika miaka ya 1930. Kilele cha Siti kwenye sahani kilidumu kwa miaka michache tu. Baada ya hapo alirejea alikoanzia, kwenye arusi na mabaraza, ambako wimbo unapomalizika hubaki katika vichwa vya waliousikia.

Pemba pia ndiko kunakotufahamisha jambo jingine juu ya bahati yake. Siti alipokuwa mtoto Fumba, Chake Chake kulikuwa na malenga wawili wakubwa, Kamange na Sarahani, waliokuwa wakijibizana kwa mashairi ambayo wajuzi huyahesabu miongoni mwa yaliyo bora katika Kiswahili. Kamange alifariki mwaka 1910 na Sarahani mwaka 1926, miaka 2 tu kabla ya safari ya Bombay. Hakuna mtambo uliowahi kuzinasa sauti zao. Tungo zao zilihifadhiwa kwa kuandikwa kwa mkono na kukaririwa na wapenzi wa ushairi, hadi mwaka 2011 zilipotolewa katika kitabu. Siti, ambaye hakujua kuandika, aliacha sauti yenyewe.

Hata sauti hiyo haikusalimika yote. Sahani za zama hizo zilitengenezwa kwa gundi itokanayo na wadudu wa India, na zilikuwa tepetevu mbele ya joto na rahisi kuvunjika zikianguka. Nyumba zilizokuwa na makasha ya sahani zilihamwa, watoto wakazichezea, sindano zikazila. Katika nyimbo zile zote, zinazosikika leo ni chache, na nyingi kati ya hizo zina mikwaruzo kiasi kwamba msikilizaji hulazimika kutega sikio ayapate maneno.

Kinachojulikana juu ya maisha yake kinatokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja. Shaaban Robert, mwandishi na mshairi wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, alikutana na Siti katika siku zake za mwisho na kumsikiliza akisimulia habari zake. Matokeo yake ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958, ambao vijana wengi wa Tanzania wameusoma skuli. Ni kitabu cha kumsifu, na Shaaban hakuficha kwamba alikusudia kumsifu. Msomaji wa leo angependa kuulizwa maswali mengine: kampuni zile zilimlipa kiasi gani, na wanunuzi walipozidi yeye alizidishiwa nini. Hata hivyo, lau mwandishi huyo asingevuka bahari kwenda kukaa naye, mengi katika habari hizi yangekwenda kaburini pamoja na mwenyewe.

Siti alifariki mwaka mmoja kabla Sauti ya Dar es Salaam haijaanza kurusha matangazo, mwaka 1951. Waimbaji waliomfuata walipata redio, kisha kanda za kaseti, kisha televisheni. 

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Waliolichagua jina hilo bila shaka waliukumbuka wimbo wa Kijiti na wanawake wale waliopelekwa kifungoni kwa kusema ukweli.

Katika uimbaji, aliyeubeba urithi wake kwa muda mrefu kuliko wote ni Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Akiwa msichana alikuwa akienda kumsikiliza Siti, akazishika nyimbo kwa masikio kama Siti alivyozishika za Kiarabu, na aliendelea kuziimba akiwa bikizee katika majukwaa ya Ulaya, mpaka alipofariki Aprili 17, 2013.